Konzi ya Bwana

Konzi ya unga iliyotolewa kwa wivu, je, hufika inakotumwa? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimeketi na watu waliozoea kupambanua nia na tendo, nimeomba na kufunga katika miaka yangu ya utu uzima, na swali hilo bado linanikaa kifuani kama lilivyonikaa nilipokuwa mtoto wa kupepeta unga. Wenzangu wa rika langu huenda wana maswali makubwa kuliko hili. Langu ni la unga.

Lilinirudia hivi karibuni, tulipokwisha kumzika mama yangu kule Bokoli. Wanawake walikuwa wakisafisha jikoni mwake, na mmoja wao akashusha kutoka darini kibuyu cheusi kwa moshi, chenye mdomo mpana, kilichofunikwa kwa kipande cha kibuyu kingine. Nekesa, tuliyelelewa naye nyumba moja, alikipokea kabla yangu. Akakifunua, akainamisha uso, akavuta pumzi. Nami niliyesimama nyuma yake nikaisikia ile harufu: unga wa mahindi uliokaa na moshi, na ndani yake harufu nyembamba ya wimbi, kama ya udongo ulioguswa na mvua kidogo. Nekesa akalia. Mimi sikulia. Mwanamke mzima, mwenye watoto wangu na shahada yangu, nilisimama jikoni mwa marehemu mama yangu nikiona wivu kwa sababu mwingine alikuwa amekinusa kwanza.

Ndipo nilipojua kwamba ile habari ya Saboti haijanitoka.

Wakati huo tuliishi upande wa Saboti, katika shamba la mzungu mmoja ambaye baba alimwendeshea ng'ombe wa plau. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimepangwa kwa safu nyuma ya zizi, na asubuhi, ukungu ukiondoka, Mlima Elgon ulionekana karibu mno, hata mimi na mdogo wangu Wafula tuliamini kwamba baba huanza kulima kwenye miguu yake. Wengi wetu pale tulikuwa watu wa Bungoma waliofuata kazi. Kila Jumamosi shamba liligawa posho, unga mweupe wa mahindi uliopimwa kwa debe mbele ya stoo, na kila mama akaondoka na wake kichwani, akiuliza wenzake kama wa leo una wadudu au hauna.

Wanawake wa kanisa letu dogo la nyasi walikuwa na desturi yao. Kila jioni, maji yakishachemka na kabla unga haujayagusa, konzi moja ilirudi nyuma. Ilitoka kwenye ungo ikaingia kibuyuni. Hiyo iliitwa konzi ya Bwana. Haikuwa kubwa, kiasi tu cha kufichika ndani ya ngumi, lakini lazima itoke kwanza. Mama alikuwa akisema kwamba anayepika kwanza ndipo amkumbuke Mungu, huyo anampa Mungu ukoko.

Walikuwa na sheria nyingine tena: watoto hawakuambiwa unga ule unakwenda wapi. Mwezi ukiisha, Kukhu Dina, kikongwe tuliyemwita nyanya sote ingawa hakuwa ndugu yetu, alipita nyumba hadi nyumba na gunia, akakung'uta vibuyu, akaondoka bila maneno mengi. Siku moja nilimwuliza mama unga huo unapelekwa kwa nani.

"Kwa Mwenyewe," akasema.

Basi nikajua. Mungu alikuwa akila unga wetu. Sikuona ajabu yoyote katika hilo. Nilichojiuliza ni nani anayemsongea ugali, na kama huko nako moshi unaingia machoni. Niliamini pia kwamba Mungu, kama mtu yeyote anayekula, anaujua mkono unaomlisha. Anapofungua gunia la Kukhu Dina hutambua konzi ya huyu na konzi ya yule, na humpenda kila mmoja kwa kadiri yake.

Tangu hapo nilitaka mkono huo uwe wangu. Mama alikuwa ameniahidi. "Mkono wako ukijaa," alisema. "Kwa sasa hii konzi yako ni ya kulisha kuku." Kwa hiyo nilikuwa nikijipima. Nilichota majivu, nikachota mchanga, nikafumba ngumi na kutazama ni kiasi gani kimebaki ndani. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa mama yangu, naye aliitwa kwa jina langu na kila mtu pale kambini: Mama Nanjala. Sikuona ni mkono gani mwingine ungeweza kuja mbele ya wangu.

Wakati wa kiangazi habari zilifika kwamba dada yake mama aliyekuwa Bokoli, mjane aliyeugua kwa muda mrefu, amefariki. Mama akaenda kuzika. Aliporudi, lori lililomshusha kando ya barabara ya Kitale lilimshusha pia msichana mrefu kidogo, mwenye gauni moja, na mikono mikubwa. Mikono niliiona kabla sijauona uso.

"Huyu ni Nekesa," mama akasema. "Dada yako. Atalala na wewe."

Jioni zile za kwanza alikaa kando ya mlango. Kisha jioni moja, mama alipokuwa akivuta kibuyu karibu, Nekesa akasogea mbele kwa magoti. "Mama mdogo, naomba nitoe mimi."

Nilingoja mama aseme kwamba kazi hiyo ina mwenyewe. Badala yake akamsukumia ungo. Nekesa akazamisha mkono wake mkubwa, akaufumba, akaupeleka juu ya kibuyu bila kudondosha hata chembe, akaufumbua. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Asante."

Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu ili wote wasikie. "Ati asante! Si wewe ndiye unampa? Kwani yeye amekupa nini?"

Mama aliniambia niende nje nikalete kuni, na kuni zilikuwepo tele.

Kuanzia jioni ile kazi ikawa yake. Hakuna aliyenipokonya chochote kwa maneno. Mama hakusema kwamba ahadi imevunjika, na labda alikuwa ameisahau. Lakini kila jioni nilikaa upande wa pili wa mafiga nikautazama mkono ule ukiingia na kutoka, na niliuchukia kama mtu anavyomchukia jirani anayepita katikati ya shamba lake. Baada ya muda Nekesa akaacha kusema "mama mdogo," akasema "mama." Baada ya muda mwingine, katika mlango wa kanisa, nikamsikia mwanamke mmoja akimwita mama yangu kwa sauti ya furaha: "Mama Nekesa!" Na mama yangu aligeuka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba aligeuka mara moja, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Mwalimu wa kanisa naye alimsimamisha mbele yetu Jumapili moja akasema, "Huyu mtoto anakua katika Bwana. Mnaona?" Tulipofika nyumbani nilimwita Nekesa nyuma ya nyumba, nikamgeuza, nikaegemeza mgongo wangu kwenye wake, nikamwita Wafula aamue nani mrefu.

"Nekesa," Wafula akasema.

"Angalia vizuri, bana!"

"Nekesa. Hata ukisimama na vidole."

Nikaona kwamba lazima nishindane kwa njia nyingine. Nilijifunza mistari mirefu kuliko yake. Niliimba nikifumba macho. Nilianza kuombea chakula, na kwa kuwa nilitaka maombi yangu yazidi yale ya Nekesa, niliomba kwa ajili ya shamba, ng'ombe wa plau mmoja mmoja kwa majina yao, wagonjwa wa Kitale na wa Bungoma, na wafalme wa mataifa. Mvuke wa ugali uliisha, mboga ya mrenda ikaanza kushika ngozi juu.

"Mama Nanjala," baba akasema, macho yake bado yamefumbwa, "huyu anaombea hii ugali ama anaiaga?"

Wafula alianguka kwa kicheko. Hata mama alijificha uso kwa leso. Nekesa peke yake hakucheka. Aliniongezea mboga, na hilo nalo nilimwekea moyoni kama kosa.

Kisha ikaja miezi ya palizi, ile miezi ambayo mahindi yamesimama kijani shambani na hakuna hata hindi moja la kula. Mvua ilikuwa nyingi mwaka huo. Barabara ikageuka tope, magari yakakwama, posho ikachelewa na ilipofika ilikuwa pungufu. Mama alianza kukung'uta mfuko mara mbili. Baba, aliyekuwa mwamini lakini si wa kusema sana, jioni moja alitazama konzi ikiingia kibuyuni akasema, "Sasa huyu Bwana si anaona sufuria yetu? Si angoje tuvune?"

"Angengoja," mama akasema. "Yeye si mlafi. Lakini sisi tukishaacha, tutaanza tena lini?"

Nekesa alikuwa akisikiliza, mkono wake ungali juu ya kibuyu. Akaufumbua. "Asante," akasema, kama kawaida yake, na mimi nikamwiga kwa midomo bila sauti.

Katika miezi hiyo hiyo Nekesa akaugua. Ilianza kama homa ya kawaida, kisha akawa hawezi kusimama, na pumzi zake zikawa fupi na zenye kelele. Baba aliomba gari la ng'ombe, wakamlaza juu ya majani makavu, mama akapanda pembeni yake kumpeleka hospitali ya Kitale. Mama aliniambia tu, "Jiko ni lako, Nanjala. Mwangalie Wafula." Kibuyu hakukitaja. Aliyekitaja ni Nekesa, meno yakigongana chini ya blanketi.

"Nanjala. Usisahau."

Hata akiwa katika hali ile ananiagiza mimi, nilijiambia, katika jiko la mama yangu! Gari likaondoka likiyumba kwenye tope. Nilipiga magoti siku hiyo nikamwombea apone. Sina sababu ya kuficha jambo hili kwa wenzangu wa umri wangu: niliomba apone polepole.

Jioni ya kwanza niliifanya kazi ile kwa heshima kubwa. Nilinawa mikono mara mbili. Nilichota, nikafumba, nikainua mkono juu kuliko ilivyohitajika, nikamimina. Kisha nikageuka. Baba alikuwa akishona mkanda wa nira. Wafula alikuwa akimchokoza paka. Hakuna aliyeona, na hakuna kilichotokea. Moto haukuwaka zaidi, moyo wangu haukupata joto. Nilikuwa nimedhani kuna utamu uliofichwa ndani ya kazi ile ambao Nekesa alikuwa akiula peke yake jioni baada ya jioni. Nilitia mkono nikakuta unga tu. Jioni zilizofuata ilikuwa vivyo hivyo, na nilianza kuelewa kwamba ukiondoa macho ya watu, kazi yenyewe ni ndogo na inachosha, kama kufagia.

Halafu ikafika jioni ambayo mfuko ulikuwa umebaki na unga wa kuaibisha. Niliugeuza ndani nje, nikausugua kwa kiganja, nikapata kilichojaza chini ya ungo tu. Mvua ilikuwa ikipiga paa. Baba alikuwa ameingia amelowa hadi mifupani, na Wafula alikuwa amelia tangu alasiri, kile kilio cha njaa ambacho hakina nguvu ya kupanda juu. Maji yalichemka. Nilitia mkono kwenye ungo nikafumba ngumi, na nikaona wazi kabisa kwamba hii ngumi ni chakula cha Wafula.

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbuka Mungu. Nilimkumbuka Nekesa. Nilimwona kwenye kitanda cha hospitali, mama yangu ameketi pembeni akimshika mkono, na nikamsikia atakaporudi akiniuliza, "Ulitoa?" Kwamba nitalazimika kumjibu, "Siku moja sikutoa," na kwamba yeye, asiyewahi kuruka hata jioni moja, atanitazama kwa huruma, hilo sikuweza kulivumilia. Nikamimina konzi kibuyuni kwa hasira hadi unga ukaruka. Nikasonga ugali mdogo, nikampa baba, nikampa Wafula, mimi nikabaki na sufuria nikikwangua ukoko.

"Wewe umekula?" baba akaniuliza.

"Nimekula nikipika."

Alitazama sufuria. Akatazama kibuyu, na unga uliomwagika kuzunguka mdomo wake. "Kweli," akasema taratibu, "wewe ni mtoto wa mama yako."

Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja tangu lori lile lilipomshusha Nekesa barabarani. Yalipokuja sikujua niyaweke wapi. Baba alidhani ameona imani. Mimi nilijua kilichousukuma mkono wangu.

Kesho yake posho ilifika. Na mvua zilipoanza kupungua, mama na Nekesa wakarudi, wote wawili wamekonda hata kanga ya mama ikazunguka kiuno mara ya ziada. Mama alilala mapema upande wa pili wa pazia. Nekesa alikaa nami mekoni, amejifunika, mikono yake mikubwa ikitetemeka juu ya magoti.

"Ulitoa?" akauliza.

"Kila jioni." Nilisema kwa kujivuna, nikasogeza kibuyu aone. "Hata ile siku unga uliisha. Hata wewe hungeweza."

Alikifunua, akachungulia, akatabasamu. Nilitaka ashindwe, naye akafurahi. Kisha akasema, akitazama moto, "Huu unga ulikuwa unakuja kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Bokoli. Mama akiwa mgonjwa. Kukhu Dina alikuwa anauweka kwa lori ya kwenda Bungoma, mtu wa kanisa anatuletea. Ulikuwa wa kila rangi, Nanjala. Huu mweupe, huu wa njano, huu wa wimbi, mwingine hata ulikuwa na mawe kidogo. Ugali wake ulikuwa na madoadoa kama kuku. Mama alikuwa ananiambia, angalia, hii ni mikono ya watu wengi. Useme asante."

Nilihisi kitu kikihama ndani yangu, lakini bado nilishika lile nililolijua. "Unaenda kwa Mungu," nikasema. "Mama alisema ni wa Mwenyewe. Yeye ndiye anakula."

Nekesa alitikisa kichwa. Hakunicheka, ingawa ilikuwa zamu yake kucheka. "Mungu hakuwa anakula. Ni mimi nilikuwa nakula."

Kutoka nyuma ya pazia mama alikohoa, nikajua kwamba amesikia. "Hiyo habari haitoki nje ya nyumba hii," akasema. "Wako wengine wanakula sasa, na nyinyi mnacheza nao. Na kibuyu mtajua wenyewe nani atakishika."

"Nanjala akae nacho," Nekesa akasema upesi. "Mkono wangu unatetemeka, nitamwaga."

Hivyo ndivyo nilivyopewa nilichokitaka. Hakuna aliyeshindana nami. Na katika saa ile ile niliyoshinda, wivu ulinipanda kuliko wakati wowote, kwa sababu sasa niliuona mzizi wake. Mimi niliitwa Nanjala kwa kuwa nilizaliwa msimu wa njaa, lakini njaa sikuwa nimeijua zaidi ya jioni moja ya mvua. Nekesa, mtoto wa mavuno, alikuwa ameijua, akalia, na akajibiwa kwa unga wa madoadoa. Nilimwonea wivu njaa yake. Nilimwonea wivu ile asante, kwamba yeye alikuwa na la kushukuru na mimi nilikuwa na la kushindania tu. Na kwa mara ya kwanza nikaogopa kwamba jioni zote zile nilizotoa, nilikuwa nimemlisha Nekesa wa kichwani mwangu, huyu niliyetaka kumshinda, na kwamba Mungu hakuwa amehusika hata kidogo.

Nililala kwenye mkeka kando yake, nikisikia pumzi zake, sasa laini. Kabla usingizi haujanichukua nilikuwa nimeamua mambo mawili. Kibuyu kitarudi kwake. Na mimi nitatoa mara moja, hata kama ni mara moja tu, mahali ambapo hapana desturi, hapana zamu, na hapana mtu wa kunilinganisha naye.

Asubuhi niliamka kabla ya wengine kuwasha moto wa uji. Konzi ya Bwana ilikuwa ya jioni; asubuhi hakuna aliyewahi kuitoa. Kwenye chungu kidogo kulikuwa na unga wa wimbi aliopewa mama huko Kitale kwa ajili ya uji wa mgonjwa, na wetu sote kidogo kidogo. Nilipima sehemu yangu, nikaichota. Ngumi yangu ilijaa. Niliimimina kibuyuni, ikakaa juu ya unga mweupe, nyekundu ya kuonekana hata na kipofu. Kwa hiyo nikakishika kibuyu kwa mikono miwili, nikakitikisa taratibu hadi rangi zikachanganyika na mkono wangu haukutambulikana tena. Nilijaribu kusema asante. Neno lilitoka dogo, lakini lilitoka. Kisha nikakifunika, nikakibeba hadi mkekani, nikakiweka karibu na kichwa cha Nekesa, mahali ambapo angekigusa akiamka. Nikarudi mekoni kuchochea moto, na mgongo wangu ukiwa umeelekea mlangoni, nikatega sikio kujua kama kuna aliyeniona.